Injini ikichemsha angani, rubani usichemshe!

Msomaji wangu, hivi ukiambiwa kuna mtu kaunda ndege kwenye banda la gari nyuma ya nyumba yake, halafu Jumamosi asubuhi kaingia mwenyewe, kafunga mkanda na kupaa nayo, utasemaje? Najua. Utasema jamaa kapungukiwa, au umepigwa kamba mchana kweupe. Basi tulia, leo hakuna kamba.

Kule Marekani jambo hili ni la kawaida. Mwaka 1953 bwana mmoja anaitwa Paul Poberezny na wenzake walianzisha chama cha watu wa namna hiyo jimboni Wisconsin, kinaitwa EAA, na kila mwishoni mwa Julai wanajazana mji wa Oshkosh na ndege zao mpaka nyasi hazionekani. Sheria yao inasema zaidi ya nusu ya kazi iwe imefanywa na watu wanaojenga kwa kujifunza au kujifurahisha, basi. Wengi hununua vipande kiwandani. Kampuni ya Van's Aircraft ya Oregon, iliyoanzishwa na Richard VanGrunsven mwaka 1973, inakuletea makasha ya mabati na maelfu ya ribiti, halafu inakuachia kazi. Zaidi ya ndege 11,000 za kampuni hiyo zimesharuka zikiwa zimeundwa na watu kama hao: walimu, mafundi, madaktari, wastaafu.

Sasa kugonga ribiti si tatizo. Ukikosea unatoboa, unagonga nyingine. Kasheshe lenyewe liko pale mbele, chini ya boneti. Joto! Joto la silinda na joto la oili. Hilo ndilo linalowakosesha watu usingizi, na ndilo tunaloongea leo.

KICHWANI NDIKO KWENYE MOTO

Chukua pikipiki yoyote ya bodaboda. Tazama injini yake, utaona imezungukwa na mapezi mapezi kama ya samaki. Yale si mapambo. Yapo ili upepo ukipita uchukue joto uondoke nalo. Injini nyingi za ndege ndogo ziko vilevile. Ile maarufu kuliko zote kwa wajenzi hawa, Lycoming, ina silinda nne zilizolala, mbili kulia mbili kushoto, na haina rejeta ya maji. Inapozwa kwa upepo. Kuna ya O-320 yenye nguvu za farasi 150 au 160, na kuna O-360 yenye 180.

Petroli ikiungua humo ndani, ni kama robo hadi theluthi tu ya nguvu yake inayofika kwenye pangaboi. Nyingine nyingi inatokea ekzosi. Inayobaki inaingia kwenye chuma na kwenye oili, na lazima itafutiwe njia ya kutoka. Isipotoka, inakaanga.

Kiwanda cha Lycoming kimeweka ukomo wa silinda hedi kuwa nyuzi 260 za Selsiasi. Lakini ule ni ukomo, jamani, si mahali pa kupiga kambi. Hedi ni ya aluminiamu, na aluminiamu ikipita nyuzi 200 inaanza kupoteza nguvu zake kwa kasi. Ndiyo maana mafundi wengi wanasema ukishatulia angani ubaki chini ya nyuzi 200 hivi, na wakati wa kupanda hata ukizidi kidogo, usizidi sana. Ukizoea kuishi karibu na 260, utakuja kukuta nyufa kwenye hedi, valvu zilizokwama na ringi zilizochoka. Kimeo cha namna hiyo kinagharimu maelfu ya dola, na hapo ni kama umekigundua ukiwa chini.

Na usidhani ni tatizo la watu wa mabandani tu. Ndugu wawili Wright waliporuka kwa mara ya kwanza Desemba 17, 1903, injini waliyoundiwa na fundi wao Charlie Taylor ilitoa nguvu kama za farasi 16 ikiwa baridi, lakini ikipata moto kwa dakika moja hivi inashuka hadi 12. Miaka 40 baadaye wakubwa wa Boeing nao wakaonja. Ndege yao ya B-29 ilifungwa injini za R-3350 zenye silinda 18 kila moja, zimepangwa mistari miwili, na ile mistari ya nyuma ilikuwa inakosa upepo wa kutosha. Injini hizo zilipata jina baya kwa joto na moto. Februari 18, 1943, ndege ya majaribio ya aina hiyo iliwaka moto angani ikaanguka mjini Seattle. Rubani mkuu Eddie Allen na wenzake wote waliokuwa ndani walikufa, pamoja na watu waliokuwa chini. Wale walikuwa na kiwanda kizima nyuma yao. Je, wewe na bisibisi yako?

UPEPO NAO UNA NJIA YAKE

Watu wengi wanadhani upepo ukiingia mbele tu basi kazi imekwisha. Wapi! Upepo ni mvivu. Siku zote unatafuta mlango rahisi.

Mpango wenyewe uko hivi. Upepo unaingia kwenye matundu mawili ya mbele, kushoto na kulia kwa pangaboi. Unajaa juu ya injini, kama maji kwenye bwawa. Kisha unasukumwa ushuke katikati ya mapezi ya silinda, unachukua joto, unatokea chini nyuma. Ili upite kwenye mapezi na si kwingine, injini inazungukwa na mabati ya kuziba, na juu ya mabati hayo kuna mpira laini wa silikoni unaobana dhidi ya boneti.

Sasa mpira huo ukipinda upande, au pakibaki tundu la kidole kwenye kona, upepo wote unakimbilia pale. Hauendi kwenye mapezi tena. Wewe unaona ndege nzuri, rangi bomba, kumbe boneti ni chekecheke. Ndiyo maana wajanja wana mtihani wao wa bei poa: wanaweka taa chini ya injini usiku, wanachungulia kutoka juu. Panapopenya mwanga mahali pasipostahili, ndipo panapovuja upepo. Wanaziba kwa silikoni inayohimili joto, wanarudia.

Mahali pengine pa kukagua ni kwenye mapezi yenyewe. Kiwandani hedi inamiminwa kama sufuria za Gerezani, na mara nyingine mabaki ya chuma yanaziba nafasi kati ya pezi na pezi. Macho hayaoni haraka. Unapitisha waya mwembamba. Usipopita, unachukua tupa nyembamba na kusugua taratibu. Silinda moja iliyokuwa inawaka kila siku inaweza kupoa kwa kazi hiyo tu.

Halafu kuna hili linalowashangaza wengi: silinda zikichemka, dawa siyo lazima kupanua matundu ya mbele. Upepo unaingia kwa kadiri unavyotoka. Kama mlango wa nyuma ni mdogo, hata ukifungua mdomo kama kiboko, bwawa limeshajaa na haliendi kokote. Mara nyingi dawa iko kwenye njia ya kutokea.

OILI: ISIWE UJI WA MOTO, ISIWE BARAFU

Oili ina kazi mbili: kulainisha na kubeba joto. Huko ndani inapita chini ya pistoni na kwenye beringi, sehemu ambazo upepo haufiki. Kwa Lycoming nyingi ukomo ni nyuzi 118. Ikipita hapo inakuwa nyepesi kama maji, presha inashuka, chuma kinaanza kusagana na chuma. Mwisho wake unaujua: injini inanoki.

Lakini sikiliza hapa. Oili baridi nayo ni adui, ila huyu ni adui wa polepole. Petroli ikiungua inazaa maji, na mvuke wake kidogo unapenya kwenye ringi na kuingia kwenye oili. Oili ikifika nyuzi 80 na kitu, ule unyevu unafukizwa, unatoka kupitia bomba la kupumulia. Ikibaki baridi, maji yanakaa, yanageuka asidi, yanaanza kula chuma. Kwenye Lycoming shafti ya kemu iko juu kabisa ya injini. Ndege ikikaa wiki kadhaa bila kuruka, oili inamwagika yote chini, shafti inabaki kavu, kutu inaingia. Kwa hiyo mtu anayewasha injini kila Jumapili dakika kumi uwanjani "ili isiharibike" ndiye anayeiharibu. Anaongeza maji, hayachemshi.

Oili inapozwa na rejeta yake ndogo. Oili ikizidi joto, usikimbilie kununua rejeta kubwa. Kwanza angalia: je, upepo unaofika pale ni wa nguvu, au bomba la upepo limebonyea? Mapezi yake yamejaa vumbi na wadudu? Na je, kile kithamostati kinachoamua oili ipite kwenye rejeta au izunguke njia ya mkato, kinafunga vizuri? Kikishindwa kufunga, oili ya moto inarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta, na wewe unalaumu jua.

INJINI MPYA NA MTIHANI WAKE

Hapa ndipo penye mtego mbaya kuliko yote.

Injini ya gari jipya tumefundishwa kuiendesha taratibu, sivyo? Ya ndege ni kinyume. Ndani ya silinda mpya kuna mikwaruzo midogo midogo iliyowekwa makusudi, na ringi za pistoni lazima zisuguane nayo mpaka zikae sawa. Ili zisuguane, zinahitaji presha, na presha inakuja ukikanyaga, asilimia 75 ya nguvu au zaidi. Ukiibembeleza, oili inaungulia kwenye ukuta wa silinda na kuacha utelezi mgumu kama kioo, ringi hazikai tena, na injini inakunywa oili maisha yake yote.

Wakati huohuo msuguano ule unazaa joto kupita kawaida. Na ndege yenyewe ni mpya, haijawahi kuruka, mabati ya upepo hayajajaribiwa. Umeona mtego? Huruhusiwi kuibembeleza, na huruhusiwi kuikaanga. Na ukisimama nayo chini ukiinguruma ili "uipime", hakuna upepo wa kutosha, unaimaliza kabla haijapaa.

Ndiyo maana kila kitu kinakaguliwa kabla ya siku ile: boneti ifungwe, mpira uzibwe, mtiririko wa petroli upimwe, majira ya plagi kuwaka yawe yale ya kiwanda. Plagi zikiwaka mapema kupita kiasi, joto linapanda. Kabureta ikitoa petroli kidogo ukiwa umefungua yote, joto linapanda. Petroli ya ziada ni dawa ya joto, rubani anaiongeza kwa kishikio chekundu. Ringi zikishakaa utajua: joto la silinda linashuka lenyewe, na oili inaacha kupungua ovyo.

GEJI NAYO HUSEMA UONGO

Kabla hujaivua boneti ukalia, jiulize: nani kakwambia kuna joto? Ni geji. Na geji ina waya, na waya una maungio. Kipimo kilichobanwa chini ya plagi hakisomi sawa na kile kilichoingizwa kwenye tundu lake kwenye hedi. Mafundi wana ujanja: silinda namba tatu ikisoma juu, wanabadilisha vipimo, cha tatu kinakwenda namba moja. Joto likihamia namba moja, basi kilichougua ni kipimo, silinda haina kosa. Likibaki namba tatu, vua shati uanze kazi.

UKO FUTI 400, SINDANO INAPANDA

Sasa tufike kwenye yenyewe. Umepaa, pua iko juu, injini imefunguliwa yote, mwendo mdogo. Hali hii ni sawa na lori la mizigo linalopanda Kitonga: linafanya kazi kubwa kuliko wakati wote, na linapata upepo mdogo kuliko wakati wote. Lori la Kitonga likichemka, dereva anaegesha pembeni, utingo anaweka jiwe, wanasubiri. Wewe jiwe utaliweka wapi?

Unatazama geji, silinda namba nne inapanda. 210. 220. 230. Moyo nao unapanda. Hapa ndipo watu wanapokufa, na mara nyingi si joto linalowaua. Ni haraka. Rubani anaona sindano, anasahau ndege, anakata kona ghafla akiwa chini ili arudi uwanjani, mwendo unakwisha, mabawa yanaacha kubeba, inadondoka kama jiwe. Mwaka 2012 bodi ya usalama ya Marekani, NTSB, ilitoa ripoti nzito juu ya ndege hizi. Ilionyesha ni karibu asilimia 10 tu ya ndege ndogo za nchi hiyo, lakini mwaka 2011 zilihusika na asilimia 15 ya ajali zote za ndege hizo na asilimia 21 ya ajali zilizoua. Mambo mawili yaliyoongoza ni injini kuleta matatizo na rubani kupoteza udhibiti.

Kwa hiyo wakongwe wanafundisha hivi. Kwanza, rusha ndege. Sindano kupita ukomo kidogo kwa dakika moja itakugharimu fedha. Kona ya kijinga itakugharimu roho. Pili, ukiwa na kimo cha kutosha, shusha pua kidogo, mwendo uongezeke, upepo uingie. Tatu, hakikisha kishikio chekundu kimesukumwa mbele chote, petroli ya kutosha iingie. Nne, punguza nguvu taratibu. Tano, usiende mbali. Zunguka juu ya uwanja, ili injini ikikata uwe na mahali pa kutua.

Kuna mawili hayataki mjadala. Silinda moja ikiruka juu kwa kasi isiyo ya kawaida, huenda petroli inawaka yenyewe kabla ya plagi; punguza nguvu mara moja, maana pistoni inaweza kutoboka kwa muda mfupi sana. Na joto la oili likipanda huku presha yake ikishuka, usitafute mchawi. Tua.

Ndiyo maana ndege mpya haipakii mpenzi wala rafiki wa kupiga picha. Kwa kawaida sheria yao inataka saa 25 za majaribio kama injini na pangaboi ni aina zilizokwishaidhinishwa kufungwa pamoja, na 40 kama sivyo, ndani ya eneo lililopangwa, bila abiria. Tangu mwaka 2014 wameruhusu rubani wa pili mwenye sifa awepo kwenye majaribio hayo, na sababu inaeleweka: mmoja arushe, mwingine atazame geji. Na chama cha EAA kina washauri wa kujitolea wanaokuja bandani kwako kukagua kazi kabla hujafanya ujasiri.

SIO WAZEE WA KIZUNGU PEKE YAO

Kama unadhani haya ni ya wastaafu wa Oregon, kumbuka mwaka 2019. Vijana 20 wa Afrika Kusini, wa rika la shule, waliunganisha ndege ya Sling 4 kutoka kwenye vipande kwa wiki tatu, halafu ikarushwa kutoka Cape Town hadi Cairo, njiani ikatua Malawi, Tanzania, Uganda na kwingineko. Kiongozi wao alikuwa binti wa miaka 17. Injini za Rotax zinazofungwa kwenye ndege kama hizo zina mtindo wao: mwili wa silinda unapozwa kwa upepo, hedi zinapozwa kwa maji. Lakini geji ni zilezile, na jua la Afrika halina huruma. Hewa ya moto na ya nyanda za juu ni nyepesi, haibebi joto kama ile ya asubuhi yenye ubaridi, kwa hiyo rubani mwenye akili anaondoka alfajiri.

Kwa hiyo wewe unayeshinda gereji ukichezea injini za pikipiki, usijidharau. Mapezi ni yaleyale, ringi ni zilezile, oili ni ileile kwa kazi. Kinachotofautisha fundi wa ndege na fundi wa kubahatisha ni kimoja tu: yule wa ndege akiona kitundu cha upepo hasemi "itaenda tu hivyohivyo". Anajua atakayekaa juu yake ni yeye mwenyewe.

Haya, boda ikichemka leo usimwagie maji ya baridi, hedi itapasuka. Ipumzishe, nawe upumzike. Tukutane wiki ijayo.